Karani wa Ngome: Mafunzo Niliyopata kwa Kuandika Hadithi za Wajabali

Kila mwisho wa mwezi nahesabu mifuko ya saruji. Ndiyo kazi inayonilisha: karani wa stoo katika duka la vifaa vya ujenzi hapa Mwanza. Nondo nazihesabu kwa milimita, bati kwa geji, misumari kwa kilo, na vyote huishia kwenye kauntabuku yenye jalada gumu, maana tajiri wetu haamini kompyuta. Usiku mmoja nilirudi nyumbani hesabu zimenichosha, nikafungua gemu nipumzike. Mtu wa kwanza kumwona kwenye skrini alikuwa amekaa juu ya kiti cha mawe, anahesabu mapipa. Nilicheka peke yangu kama mwendawazimu, kisha nikatafuta kalamu.

Gemu yenyewe ni Dwarf Fortress, kazi ya ndugu wawili Wamarekani, Tarn na Zach Adams. Waliitoa kwa umma Agosti 2006, na kwa miaka mingi waliigawa bure huku wakiishi kwa michango ya wachezaji. Ilikuwa haina picha: mtu alikuwa kialama cha uso unaotabasamu, paka alikuwa herufi c, na mlima mzima ulikuwa vistari na nukta. Toleo la picha, la kulipia, lilitoka Desemba 2022. Jumba la Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa la New York lilikuwa limeshaichukua tangu 2012, ikiwa miongoni mwa gemu 14 za kwanza kuingia kwenye hazina yake. Ukianza, kompyuta inatunga ulimwengu mzima pamoja na historia yake, falme, vita na ndoa, halafu inakukabidhi watu saba na mkokoteni. Wewe unaagiza tu: chimbeni hapa, jengeni pale. Nani aende, wanaamua wenyewe, na wengi huona ni vyema kupitia kwanza kwenye pombe.

Tangu usiku ule imepita miaka mitatu na nimeandika hadithi kumi na moja kuhusu watu wa ngome moja. Msomaji wangu wa kwanza, na kwa hadithi nyingine msomaji pekee, ni mamdogo wangu, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi ambaye hajawahi kugusa gemu maishani. Mengi niliyojifunza yametoka kinywani mwake.

1. Orodha ya matukio si hadithi, hata ikijaa damu

Hadithi yangu ya kwanza ilikuwa na kila kitu. Ilikuwa na majeshi ya maadui waitwao magoblini, dude la mashimoni lenye mabawa, mafuriko na mhunzi aliyerukwa na akili. Niliyafuata maandishi ya kwenye skrini moja baada ya jingine, nikayatia Kiswahili kizuri, nikapata kurasa 14. Jumapili nikaenda kwa mamdogo.

"Shikamoo mamdogo."

"Marahaba mwanangu. Haya, soma, mimi nachambua mchele."

Nikasoma. Kufika ukurasa wa tano akainua uso kutoka kwenye ungo. "Mwanangu, hii ni hadithi au ni muhtasari wa kikao?"

Iliniuma, tena sana. Lakini nilipokuwa narudi kwenye daladala nilijua amesema kweli. Gemu hii inaandika kila kitu. Watu wawili wakipigana, itakwambia ni kidole gani kilivunjika na jino lipi limeruka, na haitofautishi kati ya jino hilo na kifo cha mama wa mtu. Vyote vinapata mstari mmoja. Ni sawa na kauntabuku yangu. Inaandika "saruji, mifuko 2". Haiandiki kwamba mzee aliyeinunua alikuwa anajengea kaburi la mkewe, wala kwamba alihesabu noti mara tatu kabla ya kuziachia.

Nilizitupa kurasa zote 14. Kutoka humo niliokoa jina moja tu, la karani.

2. Hadithi mpe mtu asiye na cheo

Anaitwa Domas. Katika ngome yoyote unatakiwa umteue mtu wa kuhesabu mali, na mtu huyo lazima awe na ofisi yake na kiti chake. Ukitaka makadirio, atakadiria. Ukimtaka ahesabu mpaka kipande cha mwisho, atajifungia humo hadi usahau kama yupo. Wachezaji wengi hawamjui hata kwa jina, wanaangalia idadi basi.

Ukipata ulimwengu wa kubuni, kishawishi cha kwanza ni kumwendea mfalme. Mimi wafalme wa gemu hii hawanivutii. Wakihamia kwenye ngome yako wanadai vyumba vikubwa kuliko vya wote na kuagiza vitu wasivyovihitaji, na hadithi yao inaishia hapo. Karani ni tofauti. Kila kinachoingia na kutoka kinapita mbele yake, kwa hiyo siri za watu anazijua bila kuuliza.

Hadithi ya pili niliijenga juu ya soksi moja. Nguo za watu hawa huchakaa na kuanguka popote, na soksi ndizo sugu kuliko zote, mchezaji yeyote atakwambia. Domas alihesabu soksi za ngome akapata 167. Akarudia, zikabaki 167. Idadi ikiwa witiri, ama mtu ameiba moja, ama kuna mguu uliopungua. Akapita chumba kwa chumba na ubao wake. Mwishowe akafika kwa mchimbaji aliyepondwa mguu wa kushoto paa la handaki lilipoporomoka. Kwa miezi mitatu yule mchimbaji alikuwa akichukua jozi kama watu wengine, avae moja na nyingine aiweke chini ya mto. Wiki ile ndiyo alikuwa ameirudisha moja stoo, kimyakimya, bila kumwambia mtu. Domas alisimama mlangoni, akaandika 167, akaondoka.

Mamdogo alinyamaza muda. Kisha akauliza: "Hilo gongo analotembelea, alichongewa na nani?"

Swali hilo likanizalia hadithi ya tatu. Tangu siku hiyo nikimaliza hadithi namsubiri aulize. Asipouliza kitu, najua imekufa.

3. Saa ya gemu si saa ya tumbo

Hapa ndipo nilipohangaika kuliko pengine popote, na sioni haya kusema nilikosea karibu mwaka mzima.

Mwaka wa gemu hii una siku 336, miezi 12 ya siku 28 kila mmoja, mingi yake ikiwa na majina ya mawe na madini: wa kwanza ni Granite, wa mwisho Obsidian. Kompyuta ikienda mwendo wa hatua 100 kwa sekunde, siku nzima inapita kwa sekunde 12 na mwaka unakatika kwa saa moja na dakika saba hivi. Ndani ya mwendo huo mtu hula kama mara mbili tu kwa msimu. Akitoka kitandani kwenda kwenye mapipa upande wa pili wa ngome, safari hiyo inaweza kumlia sehemu kubwa ya siku.

Mimi nilikuwa mwaminifu kupita kiasi. Niliona kuubadili muda ni kuudanganya ulimwengu ule. Kwa hiyo nikaandika kwamba Domas alikula uyoga wa kuchemsha, na baada ya siku arobaini akala tena.

Mamdogo akaweka miwani chini. "Huyo mtu ni chatu?"

Nilijaribu kumweleza habari za sekunde 12. Akanisikiliza kwa upole kama anavyomsikiliza mtoto anayeeleza kwa nini hakufanya hesabu za nyumbani, akasema, "Haya, lakini mimi najua mtu anayekula mara mbili kwa msimu. Ni maiti."

Sasa natumia saa mbili. Misimu, misafara ya biashara, vita na umri wa ngome vinafuata gemu bila kupindishwa, kwa hiyo msafara wa nyumbani hufika majira ya vuli na sijawahi kuuleta mapema kwa sababu ya kuitaka hadithi iende. Njaa, usingizi, maongezi na hasira vinafuata mwili wa binadamu. Wapo watakaoona huo ni utapeli. Lakini gemu nayo inatapeli kwa namna yake, inafupisha ili mchezaji asichoke, na mimi inabidi nirefushe ili msomaji aamini.

Faida kubwa niliipata kwenye uzazi. Mimba haionekani kwenye gemu. Unachimba, unajenga, ghafla maandishi yanakuja: Iden amejifungua mtoto wa kike. Basi. Iden ndiye mpika pombe wa ngome yangu. Mara ya kwanza nilipita na habari hiyo kama ilivyokuja. Baadaye nilirudi nyuma miezi tisa na kujiuliza nani alijua kwanza, na alijuaje. Nikaamua aliyejua ni Domas, kwa sababu pombe kwa watu hawa ni kama maji, wasipoipata wanazorota hata kazini, na karani mwenye akili ataona kwamba mpika pombe mwenyewe ameacha kuchukua kikombe chake. Hakusema kitu. Alianza tu kumpangia mapipa matupu, yaliyojaa akaanza kuwapangia wengine wayabebe.

Halafu mtoto akazaliwa, na mama akarudi kazini na kichanga. Hilo sikulibuni. Katika gemu hii mama hubeba mtoto wake mchanga kila aendako, hata vitani. Wachezaji wa ng'ambo hulitaja kama kituko. Mimi nililisoma nikaona kitu cha kawaida kabisa, nikamfunga Iden mbeleko.

4. Jina la watu

Sikuweza kuwaita mbilikimo. Neno hilo tumewabandika watu wa misitu ya Kongo bila kuwauliza, na mitaani kwetu linarushwa kwa watu wafupi halisi, wenye majina yao, wanaokwenda sokoni kama mimi. Kibeti nalo ni hivyohivyo. Nilijaribu "dwafu", likasikika kama jina la dawa ya minyoo.

Wanaishi ndani ya jabali, basi ni Wajabali. Nilipolipata neno hilo, sarufi ikanifanyia kazi iliyobaki: Mjabali, pombe ya Kijabali, na Ujabali, yaani ule ukaidi wao wa kutotoka nje.

Majina yao binafsi nimeyaacha kama gemu ilivyowapa. Nilitaka kidogo kumwiga Shaaban Robert, ambaye katika Kusadikika, mwaka 1951, alimpa waziri jina la Majivuno na kila mtu akajua anamtazama nani. Kwake linafaa kwa sababu anaihukumu nchi nzima. Mimi simhukumu mtu, na ningemwita karani wangu Hisabu, msomaji angekaa anasubiri fundisho badala ya kumtazama mtu anayetafuta soksi.

5. "Amechukizwa" si sentensi iliyokamilika

Gemu inakuruhusu kufungua moyo wa kila Mjabali. Humo utasoma kwamba amenyeshewa na mvua na hakupenda, ameona maporomoko ya maji akafarijika, nguo zake zimechakaa na anaona aibu, amekula pasipo meza ya maana na amechukizwa. Ni hazina. Pia ni mtego, kwa sababu mwandishi mvivu anainakili hazina hiyo na kudhani ameandika. Mvivu huyo nilikuwa mimi.

Siku moja nilichukua mstari huo wa meza, nikajilazimisha nisitumie neno chuki, hasira wala huzuni. Meza za ngome zilikuwa zimesukumiwa langoni kuzuia adui. Nilipata hiki:

"Domas alishika bakuli kwa mkono wa kushoto, maana wa kulia ulikuwa na wino. Kila aliyekuwa ukumbini alikula amesimama. Akatafuta ukuta wa kuegemea, kuta zote zimejaa. Akainama kuweka bakuli sakafuni, likagusa jiwe, likalia. Mbwa wa Kadol mwashi akainua kichwa. Domas akaliokota bakuli lake, akatoka nalo hadi ofisini, akafunga mlango, akafunika daftari kwa kitambaa, akala juu ya hesabu za ngome."

Ilinichukua jioni mbili. Neno "mbwa" ndilo lililoniokoa. Kabla yake nilikuwa na aya nzima ya Domas akifikiri juu ya heshima ya mtu na namna ya kula, ndefu kama hotuba ya mgeni rasmi. Mbwa alipoinua kichwa, aya ile nikaifuta yote.

6. Andika ambacho gemu haikijui

Zach Adams ni mwandishi kabla ya kuwa mtengeneza gemu. Utaratibu wao wa kazi ni huu: anaandika hadithi fupi, halafu yeye na nduguye wanaichambua na kuorodhesha mambo ambayo gemu lazima iwe nayo ili hadithi kama hiyo iweze kutokea yenyewe ndani yake. Zamani hata waliowachangia fedha waliweza kulipwa kwa hadithi fupi, au kwa mchoro wa kalamu za rangi. Nilipolijua hilo nilifurahi, nikaona kumbe mlango ninaoupiga hodi wenyewe walitokea hapohapo, ila wao walikuwa wanaingia ndani na mimi natoka nje.

Basi nikaugeuza utaratibu wao. Kabla ya kuandika, naorodhesha yale ambayo gemu haina, na hadithi naitafuta humo. Haina mtu anayekopa hadi mwisho wa mwezi. Haina jirani anayegonga mlango usiku kuuliza kama kuna kijiti cha moto. Haina utani wa mtani kwenye msiba.

Chumvi ndiyo iliyonipa hadithi ninayoipenda kuliko zote. Chumvi ya mawe ipo kwenye gemu, tena unaweza kuchimba tabaka zima la chumvi. Lakini kwa gemu hiyo ni jiwe tu: unachongea viti, milango na meza, kwenye chungu haiingii. Nilicheza miaka miwili bila kuliona jambo hilo. Siku nilipoliona nilikuwa jikoni kwangu na chumvi imeniishia, nikashika kijiko nikasimama. Yaani watu hawa wana mlango wa chumvi na mboga baridi!

Nikaandika habari za mpishi aliyehamia mwaka wa tatu, akaona mlango wa stoo ya Domas ni mweupe, akaulamba. Usiku akarudi na tezo. Kila asubuhi Domas anakuta unga mweupe kizingitini na mlango umepungua uzito kidogo, na watu ukumbini wameanza kuongeza chakula bila kujua kwa nini. Karani afanye nini? Mlango ni mali ya ngome, umeandikwa daftarini. Chakula kitamu hakina safu yake.

Mamdogo alicheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya kanga. Kisha akauliza, "Mlango uliisha?" Sitakuambia.

7. Hitilafu nayo ni mali, ila ipitishe kwenye nyayo

Mwishoni mwa 2015 watengenezaji waliongeza baa kwenye gemu, na wachezaji wakaanza kukuta paka wamekufa humo, wamezungukwa na matapishi. Hakuna aliyewapa pombe. Tarn Adams alipochunguza akakuta kisa: walevi wanamwaga vinywaji sakafuni, paka anakanyaga, baadaye anajisafisha kwa kulamba nyayo, na programu ilikuwa inahesabu kila mlambo kama kikombe kizima. Kwa mwili mdogo wa paka, hiyo ni sumu. Kosa lilisahihishwa.

Kwangu kosa lile lilikuwa kisa tayari: paka anakufa, Iden mpika pombe anashtakiwa kwa kuweka sumu, Domas anachunguza. Nikamsomea mamdogo nikiwa na uhakika wa ushindi. Akakataa katakata. "Paka hanywi pombe. Unanidanganya."

Nilikuwa nimeanza na maiti. Nikarudi nikaanza na sakafu: kikombe kimepinduka, matone yanafuata viungo vya mawe, paka anapita, nyayo nne za unyevu zinaelekea jikoni, paka anakaa juu ya gunia na kuanza kujilamba bila haraka. Nikamsomea tena.

"Hapo sawa," akasema. "Paka wangu alikanyaga mafuta ya taa, siku nzima anajilamba, kidogo afe."

Msomaji alinidai njia. Nilipompa njia, paka mlevi akampokea.

8. Ukimfufua, ujue utamwandika nini

Wachezaji wa gemu hii wana msemo wao kwamba kushindwa ni raha, na kweli karibu kila ngome huishia pabaya. Nilikuwa nausema msemo huo kirahisi mpaka Domas alipokufa.

Alikufa kwa soksi. Magoblini walikuja, tukawashinda mlangoni, wakabaki wachache msituni. Nilisahau kuwazuia watu wasitoke kukusanya vitu vya waliokufa. Lilipo neno "kusanya", Wajabali hawaangalii pembeni. Domas akaacha kiti chake. Alikuwa hajaliona jua miaka mingi, na Mjabali aliyezoea chini ya ardhi akitoka juani hutapika, kwa hiyo alitapika mara mbili kati ya lango na daraja. Akafika kwenye maiti ya goblini, akainama, akaokota soksi moja. Mshale ukampata hapo.

Nilikaa nikiangalia skrini. Tatizo ni kwamba nilikuwa na nakala ya ngome ya msimu uliotangulia. Nikaifungua, nikafunga malango mapema, jeshi likapita, Domas akabaki ofisini. Nikaandika kurasa 20 za maisha yake baada ya siku ile. Anahesabu, anakula, analala. Anakwenda kwa Iden, anarudi. Mamdogo akazisoma mwenyewe, kwa sababu mimi nilikuwa na mafua, akanirudishia bila kuuliza swali hata moja.

Ngome yenye kifo sikuwa nimeifuta. Nikairudia. Mwili wake ulikuwa nje, mbali, hakuna wa kuufuata, na kwenye gemu hii asiyezikwa hurudi kama mzimu na kuwasumbua walio hai. Dawa yake ni kuchonga bamba la jiwe lenye jina lake na kulisimamisha. Nikampa kazi hiyo Kadol mwashi, yule mwenye mbwa. Hadithi ya kumi na moja ni Kadol na bamba lake tu: siku tatu za kuamua achonge nini chini ya jina. Aliuliza watu, na kila mmoja alimkumbuka Domas kwa hesabu fulani, mapipa, viti, mishumaa. Yule mchimbaji wa mguu mmoja alikuja na gongo lake, akakaa muda mrefu, akasema, "Andika 167."

Nilimfikiria yule mzee wa mifuko miwili ya saruji nilipokuwa naandika. Sikumwingiza. Yeye ni mtu wa kweli, na kaburi la mkewe lina maandishi yake tayari.

Ukitaka kujaribu, usinunue gemu kwanza. Anza na daftari lako la kazini, lolote lile, utafute mstari unaosema "2" na hausemi kwa nini. Mimi hadithi ya kumi na mbili nimeianza juzi. Ngome imemteua karani mpya, mwanamke aliyehamia na msafara wa mwisho, ana mtoto mgongoni, na katika hesabu yake ya kwanza pipa moja la pombe halionekani.